Somo la Kumi na Nne: Kusafisha Sarafu za Fedha Zilizoingia Weusi

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba chuma kikikaa mahali penye unyevu hupata kutu. Ulijifunza pia kwamba kutu si uchafu uliotoka nje ukashika juu ya chuma. Kutu ni kitu kipya, kilichotokea baada ya chuma kuungana na oksijeni na maji. Katika somo hili tutachunguza metali nyingine, nayo ni fedha. Fedha haipati kutu kama chuma, lakini huingia weusi. Tutajifunza weusi huo ni nini, unatoka wapi, na jinsi ya kuuondoa bila kupoteza metali yenyewe.

Neno "fedha" lina maana mbili katika lugha yetu. Maana ya kwanza ni metali nyeupe ing'aayo, ambayo wafuaji hutengenezea pete, vikuku na mikufu. Maana ya pili ni mali tunayotumia kununua na kuuzia vitu. Maana hizi mbili zina uhusiano, kwa sababu zamani sarafu nyingi zilifuliwa kwa metali hiyo. Thamani ya sarafu ya namna hiyo haikuwa katika maandishi yake tu, bali ilikuwa pia katika uzito wa fedha iliyomo. Ndiyo maana hata leo, ingawa sarafu hizo hazipokelewi tena dukani, wako watu wanaozinunua kwa ajili ya metali yake.

Iyunga ni sehemu ya mji wa Mbeya. Reli ya TAZARA na barabara kuu iendayo Zambia hupita upande huo, na wafanyabiashara wa kila namna hupita pia. Tuseme bibi mmoja wa Iyunga ana mkebe wa sarafu za zamani alioachiwa na wazazi wake. Mkebe huo umekaa darini juu ya jiko kwa miaka mingi, na sarafu zote zimekuwa nyeusi. Anakuja mnunuzi, anazitazama, kisha anasema, "Bibi, hizi zimekwisha kuoza. Nitakupa bei moja kwa kila sarafu, ila isiwe kubwa." Je, ni kweli kwamba fedha iliyoingia weusi imeoza? Je, ni haki kuzinunua zote kwa bei moja? Mwanafunzi aliyelielewa somo hili ataweza kumjibu bibi huyo.

A. SARAFU ZA FEDHA ZILIZOTUMIKA KATIKA NCHI YETU

Sarafu za zamani zinazopatikana katika Nyanda za Juu za Kusini ni za aina mbalimbali. Zilizo muhimu kwa somo letu ni hizi:

1. Riale ya Maria Theresa. Sarafu hii kubwa ilitoka Austria, ikaenea katika nchi za Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara. Ina picha ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780, ambao ndio mwaka aliofariki. Sarafu zilizofuliwa miaka mingi baadaye pia ziliandikwa mwaka huo huo. Uzito wake ni gramu 28.07. Katika kila sehemu 1000 za uzito huo, sehemu 833 ni fedha safi.

2. Rupia. Rupia za India zilitumika sana katika pwani yetu. Wajerumani nao walifua rupia zao za Afrika Mashariki tangu 1890 hadi 1914. Hapo kwanza rupia moja ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia moja ikawa na heller 100, na kutokana na jina hilo tumepata neno "hela". Rupia ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 katika 1000 ni fedha safi. Watu wengi wa bara walizifahamu rupia kwa shida, kwa kuwa serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya nyumba kwa rupia tangu 1898. Mtu ambaye hakuwa na rupia alilazimika kutafuta kazi ya kumpatia.

3. Shilingi ya Afrika Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919. Shilingi zake zilianza kufuliwa mwaka 1921. Upande mmoja zina simba aliyesimama mbele ya milima. Shilingi hizi ndizo zilizolipwa wafanyakazi wengi katika miaka ya 1920 na 1930, wakati watu walipomiminika Chunya kuchimba dhahabu ya Lupa. Shilingi moja ina uzito wa gramu 7.78. Zilizofuliwa tangu 1921 hadi 1946 zina sehemu 250 tu za fedha katika 1000, yaani robo moja. Zilizofuliwa kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, bali ni mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Angalia jambo hili kwa makini. Shilingi ya 1946 na shilingi ya 1948 zote zina picha ya simba, na ukubwa wake ni mmoja. Moja ina fedha, na nyingine haina. Jambo rahisi la kuzitofautisha ni mwaka ulioandikwa. Lakini weusi ukiwa umejaa katika tarakimu, mwaka hausomeki. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujifunza kusafisha.

Mchanganyiko wa metali mbili au zaidi zilizoyeyushwa pamoja huitwa aloi. Sarafu zote tulizotaja ni aloi. Fedha safi ni laini mno, na sarafu ya fedha tupu ingelika upesi mikononi mwa watu. Wafuaji waliichanganya na shaba ili ipate ugumu.

B. WEUSI HUO NI NINI?

Sarafu iliyokaa juu ya jiko inaweza kuwa na weusi wa aina mbili. Weusi wa kwanza ni masizi ya moshi. Masizi ni uchafu ulioshika juu tu, na ukiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hutoka. Weusi wa pili hautoki kwa sabuni hata ukiosha mara kumi. Huo umetokana na badiliko la kikemia. Hebu tufanye jaribio ili tuone chanzo chake.

Jaribio la 1: Kuifanya fedha iingie weusi

Vifaa: Vipande viwili vya fedha vinavyong'aa (sarafu au pete kuukuu), chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana na vifuniko, yai moja lililochemshwa, na vipande viwili vya karatasi nene.

Njia:
(a) Osha vipande vyote viwili vya fedha kwa sabuni, suuza, kisha vikaushe.
(b) Toa kiini cha yai, ukiponde, na ukiweke ndani ya chupa ya kwanza. Usiweke kitu ndani ya chupa ya pili.
(c) Weka kipande cha karatasi ndani ya kila chupa. Katika chupa ya kwanza, karatasi ikae juu ya kiini.
(d) Weka kipande kimoja cha fedha juu ya karatasi katika kila chupa. Fedha isiguse yai.
(e) Funga chupa zote mbili, uziache kivulini hadi kesho yake.

Utakaloona: Fedha iliyo katika chupa yenye yai itageuka rangi. Kwanza itakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, na mwishowe nyeusi. Fedha iliyo katika chupa tupu itabaki iking'aa.

Maelezo: Ndani ya yai mna salfa. Salfa hiyo hutoka katika hali ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ilipoigusa fedha, salfa iliungana na fedha, na kitu kipya kikatokea. Kitu hicho kinaitwa salfaidi ya fedha, na rangi yake ni nyeusi. Chupa tupu imetuonyesha kwamba kioo, karatasi na hewa iliyokuwamo havikutosha kuifanya fedha iwe nyeusi kwa muda ule mfupi.

Salfa haimo katika mayai tu. Imo pia katika vitunguu, kabichi, maharage, sufu na mpira. Vitu vyenye uhai vinapooza hutoa haidrojeni salfaidi kidogo hewani. Kwa hiyo fedha iliyokaa miaka mingi ndani ya nyumba huingia weusi polepole, hata ikiwa haikuguswa na mtu.

Sasa zingatia jambo ambalo ndilo kiini cha somo letu. Katika kila gramu 100 za salfaidi ya fedha, gramu 87 ni fedha, na gramu 13 tu ni salfa. Weusi unaouona juu ya sarafu, kwa sehemu kubwa, ni fedha yenyewe iliyojificha. Sarafu haikuoza. Fedha yake haikwenda popote. Mtu anayeukwangua weusi huo na kuutupa, anatupa fedha.

C. KUPIMA KABLA YA KUSAFISHA

Mwenye busara hupima kwanza, kisha husafisha. Vipimo viwili vitatusaidia.

Kipimo cha sumaku: Ikaribishe sumaku kwenye sarafu. Fedha haivutwi na sumaku, wala shaba haivutwi. Sarafu ikivutwa, basi ndani yake mna chuma au metali nyingine ivutwayo, na si sarafu ya fedha.

Jaribio la 2: Kutafuta msongamano wa sarafu

Msongamano ni idadi ya gramu zilizomo katika kila sentimeta moja ya ujazo. Msongamano wa maji ni gramu 1. Wa shaba ni karibu gramu 9, wa fedha safi ni gramu 10.5, na wa risasi ni gramu 11.3.

Vifaa: Mzani unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, bilauri ya maji, uzi mwembamba, na sarafu 5 za aina moja.

Njia:
(a) Pima uzito wa sarafu zote 5 pamoja. Andika.
(b) Weka bilauri yenye maji juu ya mzani. Andika uzito wake.
(c) Zifunge sarafu kwa uzi, kisha zining'inize ndani ya maji. Zizame zote, lakini zisiguse chini wala pembeni mwa bilauri. Tikisa uzi kidogo ili mapovu ya hewa yatoke.
(d) Soma uzito ulioongezeka. Gramu zilizoongezeka ni sawa na sentimeta za ujazo wa sarafu hizo.
(e) Gawa uzito wa sarafu kwa ujazo wake.

Mfano: Rupia 5 za Kijerumani ambazo hazijalika zina uzito wa gramu 58.3. Zinaponing'inizwa ndani ya maji, mzani huongezeka kwa karibu gramu 5.6.

58.3 ÷ 5.6 = 10.4

Jibu hili ni dogo kidogo kuliko 10.5 kwa sababu rupia ina shaba kidogo ndani yake. Rupia ya bandia iliyofuliwa kwa shaba na nikeli ingetoa jibu karibu na 9. Hata hivyo, usikate shauri kwa kipimo kimoja tu. Mtu mjanja anaweza kuchanganya metali nyingine hadi zikafikia msongamano unaokaribia ule wa fedha. Tumia uzito, msongamano, sumaku na maandishi kwa pamoja.

D. NJIA YA KUSUGUA, NA HASARA YAKE

Watu wengi husafisha fedha kwa kuisugua na jivu, mchanga laini, dawa ya meno, au nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Fedha hung'aa kweli. Lakini tuone kinachotokea.

Chukua kipande cha fedha kilichoingia weusi. Lowesha kitambaa cheupe, kitie jivu laini kidogo, kisha sugua upande mmoja wa kipande hicho mara ishirini. Tazama kitambaa. Utaona alama nyeusi. Mwanafunzi asiyejua atasema, "Uchafu umetoka." Wewe unajua kwamba alama ile ni salfaidi ya fedha, pamoja na chembe za fedha nzima zilizokwanguliwa na jivu. Mzani wa dukani hauwezi kuonyesha upungufu huo kwa mara moja. Lakini sarafu inayosuguliwa mara kwa mara hupungua uzito, na herufi zake hufutika. Ukitazama kwa lenzi ya mkono, utaona mikwaruzo mingi upande uliosugua.

Njia nzuri, basi, ni ile inayoondoa salfa peke yake na kuiacha fedha mahali pake.

E. NJIA YA ALUMINI

Jaribio la 3: Kuirudisha fedha katika hali yake

Vifaa: Sufuria kuukuu ya alumini ambayo haitatumika tena kupikia, magadi meupe kama yale ya kulainishia maharage, chumvi, maji, kijiko cha mti, beseni la maji safi, na kitambaa laini.

Njia:
(a) Osha sarafu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa masizi na mafuta. Zisuuze.
(b) Sugua sehemu ya ndani ya sufuria kwa mchanga hadi alumini ing'ae. Hapa kusugua kuna faida, kwa sababu tunataka alumini safi iguse sarafu.
(c) Chemsha nusu lita ya maji. Iyunga na mji wote wa Mbeya uko juu sana, karibu meta 1700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huko huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 za Sentigredi. Huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Joto hilo linatosha.
(d) Epua sufuria. Tia magadi vijiko viwili vya chai na chumvi kijiko kimoja. Tia polepole, kwani maji yanaweza kufura. Koroga.
(e) Kwa kijiko, tumbukiza sarafu moja moja. Kila sarafu iguse sufuria. Zisipandane.
(f) Ngoja dakika tano. Zigeuze, kisha ngoja dakika tano nyingine.
(g) Zitoe kwa kijiko, uzisuuze katika maji safi, na uzikaushe kwa kuzigandamiza katika kitambaa laini. Usizisugue.

Jaribio hili lifanyike mbele ya mwalimu, mahali penye hewa ya kutosha, madirisha yakiwa wazi.

Utakaloona: Mapovu madogo yatatokea. Huenda ukasikia harufu ya yai viza. Weusi utapungua, na fedha itaanza kuonekana nyeupe. Mahali sarafu zilipogusa sufuria, alumini itakuwa na madoa.

Maelezo: Alumini huungana na vitu vingine kwa urahisi kuliko fedha. Sarafu ilipoigusa alumini ndani ya maji yenye magadi na chumvi, mkondo mdogo sana wa umeme ulipita kati ya metali hizo mbili, kama upitavyo ndani ya betri ya tochi. Alumini iliharibika kidogo kidogo, na salfaidi ya fedha ikarudi kuwa fedha. Salfa iliiacha fedha ikaingia majini. Sehemu yake ilitoka hewani katika hali ya haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo harufu uliyoisikia. Katika Jaribio la 1 gesi hiyo iliingiza weusi. Katika Jaribio la 3 umeiona ikitoka.

Kazi ya chumvi na magadi ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri. Magadi pia huondoa utando mwembamba uliopo juu ya alumini, ambao huizuia isifanye kazi. Joto huharakisha badiliko.

Ikiwa huna sufuria ya namna hiyo, tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli la udongo, uweke sarafu juu yake, kisha umimine maji ya moto yaliyokwisha kutiwa chumvi na magadi.

Ukisafisha shilingi zenye robo moja ya fedha, usitazamie weupe kama wa rupia. Metali nyingine zilizomo hupata madoa yake, ambayo njia hii haiyaondoi yote. Inatosha mwaka ukisomeka.

F. HESABU YA METALI

Kujua fedha safi iliyomo ndani ya sarafu, zidisha uzito wa sarafu kwa sehemu ya fedha iliyomo.

Riale ya Maria Theresa: 28.07 × 0.833 = gramu 23.38
Rupia ya Kijerumani: 11.66 × 0.917 = gramu 10.69
Shilingi ya 1921 hadi 1946: 7.78 × 0.25 = gramu 1.94
Shilingi ya 1948 na baadaye: hakuna fedha

Sasa turudi kwenye mkebe wa yule bibi. Tuseme ndani yake mna sarafu 23. Baada ya kuzisafisha na kusoma miaka, tumepata rupia 5 za Kijerumani, shilingi 12 za kabla ya 1947, na shilingi 6 za 1948 na baadaye. Fedha iliyomo ni hii:

Rupia 5: 5 × 10.69 = gramu 53.45
Shilingi 12: 12 × 1.94 = gramu 23.28
Shilingi 6: gramu 0
Jumla: gramu 76.73

Bei ya fedha hubadilika kila siku katika soko la dunia. Ili kurahisisha hesabu yetu, tuseme gramu moja ya fedha safi ni shilingi 1,000. Basi metali yote ina thamani ya shilingi 76,730. Ikiwa mnunuzi alitaka kutoa shilingi 1,500 kwa kila sarafu, bibi angepata shilingi 34,500 tu. Tofauti ni shilingi 42,230.

Ni kweli kwamba mnunuzi hawezi kutoa thamani yote. Ana gharama ya kuyeyusha na kutenganisha metali, naye anahitaji faida. Lakini muuzaji anayejua uzito na mwaka wa sarafu zake hujadiliana bei akiwa na hoja. Asiyejua huuza kwa kukisia.

Kumbuka pia kwamba uzito wa sarafu zilizolika hupungua. Pima sarafu zako mwenyewe, wala usitegemee vitabu tu.

G. MAMBO YA HATARI

1. Usisugue sarafu kwa zebaki. Zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Chunya, na baadhi ya watu hupaka fedha kwa zebaki ili ing'ae. Mng'ao huo si wa fedha, ni wa zebaki iliyoshikamana nayo. Zebaki ni sumu. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao hudhuru ubongo na figo. Watoto hudhurika upesi kuliko watu wazima. Ukiona zebaki, usiiguse, wala usiipashe moto.

2. Usitumie asidi ya betri ya gari. Huchoma ngozi na huweza kupofusha macho.

3. Usitumie asidi kali ya masonara. Asidi ya namna hiyo huweza kuiyeyusha fedha pamoja na shaba, na sarafu yako ikaisha.

4. Usimwage maji uliyosafishia ndani ya chombo cha chakula. Yamwage mbali na kisima, kisha nawa mikono kwa sabuni.

H. WAKATI WA KUTOSAFISHA

Si kila sarafu nyeusi inapaswa kusafishwa.

Ikiwa sarafu inauzwa ili iyeyushwe, na aina yake na mwaka wake vimekwisha kujulikana, kusafisha hakuongezi thamani yake. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 961 za Sentigredi, na katika moto wa msonara weusi wa juu huondoka. Mnunuzi wa metali hulipa uzito, si mng'ao.

Ikiwa sarafu ni adimu, kusafisha huweza kuipunguzia thamani. Wakusanyaji wa sarafu hupenda ibaki kama ilivyo, kwa kuwa rangi iliyopatikana kwa miaka mingi ni ushahidi kwamba haikuchezewa. Sarafu ya namna hiyo huweza kuwa na thamani kubwa kuliko metali iliyomo.

Ikiwa sarafu imechimbuliwa ardhini, hasa katika mahame ya kale, usiisafishe kabisa wala usiiuze. Andika mahali ulipoiona, kisha mjulishe mwalimu ili ofisi ya mambo ya kale ipate habari. Udongo ulioshika juu yake, na mahali ilipolala, huweza kuwaeleza wataalamu habari ambazo sarafu iliyong'arishwa haiwezi kueleza.

Kwa hiyo fuata mpango huu: pima, osha kwa sabuni, jaribu kusoma mwaka, kisha ukate shauri. Tumia njia ya alumini pale tu ambapo maandishi hayasomeki, au unapotaka kuihifadhi fedha kama pambo la nyumbani.

I. KUTUNZA FEDHA ILIYOSAFISHWA

Fedha iliyosafishwa huweza kuingia weusi tena. Ili kuchelewesha jambo hilo, ifunge katika kitambaa safi cha pamba, uiweke ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana. Usiifunge kwa mpira, wala usiiweke katika kitambaa cha sufu, kwa sababu vyote viwili vina salfa. Usiiweke karibu na jiko au ghala la vitunguu. Ukiishika, ishike pembeni, kwani jasho la vidole huacha alama.

MUHTASARI

Weusi juu ya fedha ni salfaidi ya fedha, ambayo hutokea fedha inapoungana na salfa. Sehemu 87 katika kila 100 za weusi huo ni fedha. Kusugua huondoa salfa pamoja na fedha. Njia ya alumini huondoa salfa na kuiacha fedha. Thamani ya sarafu inayonunuliwa kwa metali yake hutokana na uzito na kiasi cha fedha iliyomo, wala haitokani na mng'ao wake.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya masizi na salfaidi ya fedha. Utazitofautishaje bila kutumia vifaa vya maabara?
2. Katika Jaribio la 1, kwa nini tuliweka kipande cha fedha katika chupa tupu?
3. Mwanafunzi aliweka sarafu juu ya kitambaa ndani ya sufuria ya alumini yenye maji ya moto, magadi na chumvi. Weusi haukutoka. Eleza sababu.
4. Mtu ana riale 3 za Maria Theresa na shilingi 10 za mwaka 1942. Je, ana gramu ngapi za fedha safi?
5. Sarafu 5 zina uzito wa gramu 38.9. Ziliponing'inizwa majini, mzani uliongezeka kwa gramu 4.4. Tafuta msongamano wake. Je, zinaweza kuwa rupia za Kijerumani?
6. Mnunuzi anasema kwamba fedha nyeusi imeoza. Andika jibu utakalompa, kwa sentensi tatu.

KAZI YA NYUMBANI

Waulize wazee wa mahali unapoishi majina ya sarafu walizozitumia wao au wazazi wao, na vitu walivyonunua kwa sarafu hizo. Andika majibu yao katika daftari lako. Mzee akikuonyesha sarafu, mwombe ruhusa kabla ya kuishika. Chora pande zake zote mbili, andika mwaka ukisomeka, pima uzito wake, kisha mrudishie kama alivyokupa.